Na Usiku Ni Nani?

Jumatatu, mvua tangu alfajiri

Mvua ya leo haina hata heshima ya kunyesha kwa kishindo. Inachuruzika tu. Imeigeuza njia ya kuingilia shuleni kwetu kuwa uji, na wazazi wanafika mlangoni wameshakasirika kabla hujawasalimia. Mimi nami nimeamka na hasira zangu, kwa hiyo tumelingana.

Nataka niandike haraka kabla sijaanza kujionea huruma. Nikishajionea huruma huwa nadanganya, na ukurasa huu niliufungua ili niwe na mahali pamoja pa kusema ninachokijua kuhusu mimi mwenyewe.

Nimefanya ukatili. Nimeufanya kwa kumtumia mtoto wa miaka minne, mbele za watu, huku nikitabasamu.

Na niliufurahia.

Kwa mliopotelea hapa leo: mimi ni mwalimu wa chekechea huku Pugu. Shule yetu ni nyumba ya kuishi iliyokodishwa, ukutani wamechora twiga mwenye uso wa mbuzi. Mwenye shule tunamwita Madam. Madam ni mtu mwema kwa kila mzazi aliyesimama mbele yake, na wazazi wawili wakisimama mbele yake wakigombana, atakuwa mwema kwa mwenye gari.

Muhula huu nafundisha kwa kitabu kimoja cha picha, cha kuwasomea watoto wanapolala. Kuna kindi mdogo hataki kulala. Baba yake anamletea maji, hataki. Bibi anamwimbia, hataki. Kaka anampa blanketi lake, analitupa. Ukurasa wa mwisho mama yake anakuja, anakaa chini, anamshika mkono, hasemi neno, na kindi analala. Hicho ndicho kisa chote. Nawasomea baada ya uji, wakiwa wamejilaza kwenye mkeka, kisha wakiamka tunakifanyia kazi kwa mikono. Tunamimina maji kwenye vikombe kuona kipi kinajaa mapema. Tunakunja vitambaa kuwa vikubwa na vidogo. Tunapanga picha: kwanza alikuja nani, akafuata nani, mwisho nani. Mtoto akiweza kukuambia nini kilitangulia na nini kilifuata, kusoma kutakuja kwenyewe. Naamini hivyo, na sijaacha kuamini hata leo.

Wazazi wengi hawaamini. Wao wanataka daftari lirudi nyumbani limejaa, hata kama aliyelijaza ni mwalimu aliyemshika mtoto mkono.

Kwenye mkutano wa wazazi mwezi uliopita, aliyesimama kunisema alikuwa Mama Tusa. Huyu ni mtu wa ofisini, mjini, anakuja Pugu na viatu vya kisigino hata kwenye tope, na sijawahi kumwona akiteleza. Mwanawe anaitwa Tusajigwe, sisi tunamwita Tusa. Alianza kwa kusema sare ya mtoto inarudi nyeupe pepepe kwa udongo. Ni kweli, udongo wa Pugu ni mweupe, na ndio tunaofinyangia. Akasema halipi ada mtoto aje kuchezea matope. Hilo nalo nililivumilia, nimelisikia kwa wengi.

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Na samahani, ticha mwenyewe hajawahi kuzaa. Mtu hajazaa ndo atufundishe sie kulaza watoto?"

Walicheka. Si wote, lakini walicheka. Madam akainamia simu yake.

Mimi niliolewa Temeke. Nilikaa na mume, nikasubiri, tukazunguka kwa madaktari na kwa wasio madaktari, na mwisho nikarudishwa kwa mama yangu na begi moja kwa sababu hiyohiyo. Pugu nzima inajua, kwa kuwa Pugu haina kazi nyingine. Mama Tusa alijua. Alichagua maneno yake kama mtu anavyochagua nyanya, akibonyeza kwanza aone palipolainika.

Nilisema nashukuru kwa maoni. Nikakaa. Usoni nilikuwa mwalimu, ndani nilikuwa naungua.

Sasa nieleze habari za Sekela, maana yeye ndiye aliyelipa.

Sekela ndiye alikuwa akimleta Tusa asubuhi na kumchukua mchana. Siku ya kwanza Mama Tusa alimtambulisha kwa mkono, bila kumtazama: dada wa nyumbani, ametoka Rungwe. Binti mrefu, mpole, akikuamkia lazima apige goti hata kama amebeba kitu. Alikuwa anamnawisha Tusa miguu kwenye bomba letu kabla hajaingia darasani, akimfuta kidole kimojakimoja. Siku akifika mapema mchana, alisimama dirishani kusikiliza kindi na bibi yake. Nadhani alikijua kitabu kile kuliko watoto. Tusa akiamka usingizini, Sekela alimwinamia na kumwambia "Ugonile," ambayo ni salamu ya kwao ya kuuliza kama umelala, na mtoto anajibu kwa lugha hiyohiyo akiwa bado na tongotongo.

Mimi macho ninayo. Sekela na Mama Tusa wana mwanya mmoja. Wana namna moja ya kutembea, bega la kulia mbele kidogo, kama wanapita katikati ya watu hata pasipo na mtu. Siku moja nilimuuliza Sekela kama ana undugu na bosi wake. Akatazama chini.

"Hapana, ticha. Mie ni dada tu."

Nikaachana naye. Si kazi yangu, nilijiambia. Nilikuwa bado sijakosewa.

Wiki iliyopita tukafika kwenye kazi kubwa ya kitabu. Kila mtoto alete boksi la viatu, atengeneze chumba anacholala, na amweke ndani yake mtu anayemlaza. Tulikuwa na udongo, vipande vya kanga, vizibo vya soda, na neti za vitunguu za kufanyia vyandarua. Lilikuwa darasa zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha. Shadya, ambaye mama yake anauza vitumbua karibu na shule, alitengeneza kitanda kimoja na kuwapanga ndugu zake wote mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule, na alijua jina la kila mguu. Mwingine alimweka mbuzi chumbani na akakataa katakata kumtoa. Mwingine alisema analazwa na televisheni.

Tusa alifanya kimya. Kitanda cha viberiti, chandarua cha neti, mtoto wa udongo ndani. Chini, sakafuni, kwenye kipande cha gunia, akamlaza mtu mkubwa. Mtu huyo alikuwa na mkono mrefu kuliko mwili wake wote, umenyooka kutoka sakafuni hadi kitandani, umemshika mtoto. Mkono ule ulikuwa unakatika. Alirudia na kurudia, hadi nikampa njiti ya kiberiti aipitishe ndani ya udongo, ukasimama.

Nikamuuliza huyu aliyelala chini ni nani.

"Mama mdogo."

Nikamwambia lakini anayekulaza si dada Sekela? Akanitazama kwa subira, kama mnavyomtazama mtu mzima anayechelewa kuelewa.

"Mchana ni dada. Usiku ni mama mdogo."

Ningeishia hapo. Mwalimu mwenye akili timamu angesema vizuri sana, akaenda kwa mtoto mwingine. Mimi nilichuchumaa. Nikamuuliza mama mdogo ni mtoto wa nani, akasema wa babu. Babu yupi? Babu wa Tukuyu, hukohuko Rungwe, baba yake mama. Nikamuuliza mbona mchana asimwite mama mdogo. Akasema mama mdogo amemwambia hilo ni la kitandani tu, taa ikizimwa.

Kwa hiyo nikajua. Mama Tusa amemleta mdogo wake, mtoto wa baba yake, akamfanya mtumishi, akamnyima hata jina la undugu ili majirani wasiulize. Na binti yule, mchana kutwa akiitwa dada, alikuwa anasubiri taa izimwe ili mtu mmoja tu duniani, mwenye miaka minne, amwite anavyostahili kuitwa.

Ningekuwa na moyo mzuri ningelia. Mimi nilisikia kitu kimeingia mkononi mwangu, nikafumba kiganja.

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi kuja kuona kazi za watoto. Maboksi yote niliyapanga kwenye mikeka, isipokuwa moja. Boksi la Tusa nililiweka juu ya meza, karibu na mlango, palipo na mwanga.

Mama Tusa alikuja amependeza. Sekela alikuwa nyuma yake na mkoba wa mtoto na chupa ya maji, akabaki kizingitini kwa kuwa hakuambiwa aingie. Darasa lilijaa watu walewale wa mkutanoni, na Mama Shadya mbele yao, mama wa Kilindi mwenye mdomo usiojua mlango. Mama Tusa aliliona boksi na akafurahi. Ndiyo, alifurahi kweli, akainama, akalipiga picha. Akauliza, "Na mama yuko wapi hapa?" Tusa akaonyesha mfuniko wa boksi. Pale juu palikuwa na mtu amesimama peke yake, kizibo cha soda sikioni. "Upo sebuleni, unaongea na simu." Watu wakacheka bila ubaya. Mama Tusa mwenyewe akacheka.

Pangekuwa pazuri pa kuishia.

Nikasogea. Kwa ile sauti yangu ya darasani, tamu, ya kuwaimbia watoto, nikasema Tusa waambie wazazi, huyu aliyelala chini ni nani?

Mtoto akanitazama. Akamtazama Sekela mlangoni. Nje kulikuwa na jua kali.

"Dada," akasema.

Naomba mlielewe hilo. Mtoto wa miaka minne alitunza siri. Alihakikisha kwanza kama ni mchana au usiku, akajibu inavyotakiwa. Na mimi, mtu mzima, mwalimu wake, niliyemfundisha kwamba nikiuliza anijibu ukweli na atapigiwa makofi, nikamuuliza tena.

"Na usiku?"

Akalitazama boksi lake. Kisha akajibu, kwa kuwa mimi ni ticha wake.

"Usiku ni mama mdogo."

Mama Shadya ndiye aliyeanza. "Mama mdogo? Yule pale mlangoni? Ndo maana mie nikasema mbona wamefanana mpaka mwanya." Akazungusha macho watu wote wamwone. "Sasa mwenzetu, mdogo wako wa damu ndo unamlazaga chini?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Tusa alikuwa amenyooka, uso hauna rangi. Alisema mtoto anachanganya, watoto ndivyo walivyo. Sauti ikamkatikia katikati. Ningemwacha hapo na ushindi wangu ungekuwa kamili, lakini mtu akibanwa hutafuta wa chini yake wa kukanyaga, na yeye alikuwa naye mlangoni. Akageuka.

"Wewe, si upo hapo? Waambie wewe ni nani kwangu."

Sekela alikuwa bado amekumbatia mkoba wa mtoto. Akapiga goti, kama anavyofanya siku zote.

"Mie ni dada tu, mama."

Alimwita dada yake wa damu mama, mbele yetu wote. Tusa akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akatia kidole mdomoni, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu mwanzo wa mwaka.

Na mimi? Nilienda nyumbani natembea kwa maringo. Jana Jumapili nilifua nguo zote hadi mapazia huku naimba. Nilikuwa nairudia sura ya Mama Tusa kichwani kama mtu anayerudia kipande cha nyama kilichonasa jinoni. Mtenda akitendewa hujiona kaonewa, nilijiambia, na nikaona methali hiyo imetungwa kwa ajili yake.

Leo asubuhi amekuja mwenyewe na mtoto, mvuani, chini ya mwavuli mmoja. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu tayari, yamenolewa. Akakunja mwavuli, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ticha, nimekuja kukushukuru."

Nilidhani ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Akanieleza kwamba nimemfungua macho, kumbe yule binti alikuwa anamjaza mtoto maneno usiku, kumpandikizia undugu kichwani ili siku moja amtawale yeye mwenye nyumba. Jana kabla hakujakucha alimpeleka Mbezi, kwenye stendi ya mabasi, akampandisha basi la kwao. Hana ubaya naye, amemrudisha salama, na kale kabegi kake alikokuja nako. Eti alikuwa anasema aliahidiwa kusomeshwa ushonaji. "Nani alimwahidi? Ile ilikuwa ni maneno ya kumtoa nyumbani tu, ticha, si unajua."

Mimi nilibaki kwenye kale kabegi. Nalijua begi la namna hiyo. Najua linavyoonekana dogo zaidi wakati wa kurudi.

Nikamuuliza Tusa ameambiwaje.

"Nimemwambia dada kaenda likizo. Watoto wanasahau, siku mbili tu."

Tusa alikuwa kando yetu, anatazama maji yanavyoingia kwenye viatu vyake. Hakuna aliyemnawisha miguu. Mama yake akampiga busu la kichwani, akafungua mwavuli. Akarudi hatua moja, kwa kweli kwa nia njema, na hilo ndilo linalouma.

"Unajua ticha, una kipaji. Ungejaliwa wako ungekuwa mama mzuri sana."

Akaenda zake bila kuteleza.

Haikuishia hapo. Mama Tusa ameandika kwenye grupu la wazazi. Sijui alijiondoaje aibu ile ya Jumamosi, lakini watu wa mjini wana sabuni zao. Ameandika kwamba kazi za mikono za darasa letu zinamfanya mtoto aseme asichosema nyumbani, na kila mzazi azitilie maanani. Wote wamekubali. Wale waliokuwa wanalilia daftari lijae sasa wanalilia maboksi. Baba mmoja amenipigia wakati wa uji, akaomba wiki ijayo watoto watengeneze sebule, "nijue nani huwa anakaaga pale mie nikiwa kazini." Mama mwingine anataka jiko. Madam ameingia darasani anang'aa, ananiambia maboksi yatafanyika kila mwezi, na la Tusa libaki pale mezani karibu na mlango ili wazazi wapya walione.

Nilikuwa nataka waamini kazi yangu. Haya, wameiamini.

Baada ya uji nilisoma kitabu, kwa kuwa ratiba ni ratiba. Baba na maji yake, bibi na wimbo wake. Watoto wakalala mmojammoja, na mvua ilisaidia. Tusa hakulala. Alijivuta hadi ukingoni mwa mkeka, akateremsha mkono mmoja kwenye saruji, kiganja kikitazama juu, na akafumba macho kwa nguvu.

Nilijua anangoja nini. Kwao yeye yupo juu kitandani na mkono unatoka chini. Mkeka hauna chini, lakini yeye aliuteremsha hivyohivyo.

Nikakaa sakafuni. Nikaushika.

Akafumbua macho kuangalia ni nani. Akaniona. Kisha akautoa mkono wake taratibu, kwa adabu kabisa, kama tulivyomfundisha kurudisha kitu ambacho si chake. Akaulalia.

Sijawahi kupigwa kofi likanikaa hivyo. Mume aliyenirudisha hakunifanya nijisikie vile. Nilibaki pale nimekaa katikati ya watoto wanaokoroma, mikono mapajani, nikawaza Sekela yuko wapi saa hii. Labda ameshafika, ameketi jikoni kwa mama yake, watu wanamuuliza mbona umerudi, na yeye anatazama chini. Atasema nini? Kwamba alifukuzwa kwa sababu ya mtu wa udongo? Mimi ndiye niliyempa mtoto ile njiti ya kuusimamisha ule mkono.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nilimlenga Mama Tusa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na mimi nilikuwa nimeshajua nguruwe ni nani. Lakini ukweli ni kwamba niliwaona wote watatu pale nilipouliza. Nilimwona Sekela mlangoni. Nilimwona mtoto anamtazama. Nilijua kwamba ukitikisa nyumba ile, anayelala chini ndiye ataangukiwa. Nikauliza hata hivyo, kwa kuwa kusubiri kisasi kingine kungenichosha.

Mama Tusa alikosea kitu kimoja tu siku ile ya mkutano. Alidhani kwa kuwa sijazaa sijui kulaza watoto. Najua sana. Ndiyo maana nilijua pa kupiga.

Mchana mvua ilipungua. Aliyekuja kumchukua Tusa alikuwa binti nisiyemjua, mdogo kuliko Sekela, amevaa gauni ambalo nilishawahi kumwona nalo Sekela. Kaletwa jana jioni na jirani yao. Alisimama getini kwenye matone kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa kuingia. Nikamwambia ingia. Akaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza anaitwa nani, akanitajia jina kwa sauti ndogo sana, na nakiri nimelisahau.

Tusa alishachukua mkoba wake mwenyewe, ameuvaa mgongoni. Nikainama nimfunge kamba ya kiatu. Nikamuuliza, maana mwalimu lazima aulize kabla ya kumkabidhi mtoto, huyu ni nani?

"Dada," akasema.

Sijui ni kitu gani kilichonifungua mdomo. Si kwamba nilitaka kumuumiza. Nadhani nilikuwa nautafuta msamaha, na nikautafutia palepale nilipoharibu.

"Na usiku?"

Akanitazama kwa ile subira yake, lakini safari hii ndani yake hamkuwa na kitu.

"Usiku pia ni dada."

Akamshika binti yule kidole, wakatoka, wakizunguka madimbwi.

Nimerudi darasani kufagia. Lile boksi liko mezani karibu na mlango, Madam amelibandikia karatasi yenye jina la shule. Mkono wa udongo umekauka, umepasuka pale kwenye kiwiko, na njiti ya kiberiti imeanza kuonekana ndani yake. Nilitaka kulitoa. Sikulitoa, kwa kuwa sikujua nilipeleke wapi.

Kesho ratiba inasema turudie ukurasa wa mwisho, ule ambao mama anakaa chini, anashika mkono, hasemi neno. Nimekaa hapa tangu jioni nawaza niuruke. Niseme karatasi imechanika, niseme kindi alilala mwenyewe.

Lakini Tusa anakijua kitabu chote kwa moyo. Nikiuruka, atanyoosha mkono na kunikumbusha.